Hita ya bafuni inakata maji ya moto, na koki inanipiga. Naomba ushauri

Mama Ili, Sakina
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimepanga hapa Arusha, na kwa baridi hii ya Julai watoto hawaogi bila maji ya moto. Bafuni kuna hita ya papo kwa papo, ile inayofungwa kwenye bomba la mvua. Mtu akifungua koki ya jikoni, bafuni maji yanapoa ghafla. Akifunga, yanarudi kuwa ya moto. Tangi limekaa kwenye mnara unaolipita paa kidogo tu. Halafu wiki hii nikigusa koki ya bafuni maji yakiwa yanatoka, nasikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Fundi bomba anasema hita imechoka, ninunue nyingine. Ni kweli?

Fundi Umeme Njiro
Dada, habari ya maji baadaye. Hao sisimizi ni umeme. Zima hita sasa hivi, na usiishie kwenye swichi ya bafuni: wapo wanaofunga swichi upande wa nyutro, waya wa kurudishia umeme, unaizima na elementi, ile inayopasha maji, bado ina umeme. Shusha breka ya hita kwenye bodi ya umeme. Kama haina breka yake, bafu lisitumike mpaka fundi aitoe kwenye umeme.

Elementi ikipasuka, umeme unapita kwenye maji mpaka kwenye koki ya chuma. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ikiwa nzima unaenda ardhini, na breka ya kuvuja umeme, ile ya miliampia 30, inakata. Ukiusikia mkononi, ujue ethi ina hitilafu, na breka hiyo haipo, ni mbovu, au umeme unaovuja haujafika kiwango cha kuikata. Ndiyo maana nakataa ushauri wa kununua hita mpya ukaifunga kwenye waya zilezile. Ethi ipimwe kwa kipimo chake, tesita ya bisibisi haitoshi. Hita ya kilowati 5.5 inavuta kama ampia 24. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Hapo uvutwe wa 6 kutoka kwenye bodi, na breka ya ampia 32.

Mama Ili, Sakina
Asante kaka, nimeshusha breka. Nina mtoto wa miezi minne, kwa sasa nachemsha kwenye gesi.

Meku wa Kibosho
Vizuri mwanangu. Kwenye beseni tangulia maji ya baridi ndipo uongeze ya moto, na uyapime kwa kiwiko kabla ya kumweka mtoto.

Hilo la kupoa ni presha. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa baa 0.1 tu. Ndani ya hita kuna swichi inayosubiri msukumo wa maji. Jikoni wakifungua, msukumo unashuka na elementi inazimika. Inafanya hivyo makusudi, isije ikaungua ikiwa kavu. Anza na kisicho na gharama: umeme ukiwa umezimwa, fungua chujio la mahali maji yanapoingilia na usafishe tundu za bomba la mvua. Maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga. Isiposaidia, bafu livutiwe bomba lake kutoka tangini, la inchi moja, lipungue kuwa nusu inchi pale kwenye hita. Kupandisha mnara au kufunga pampu iwe mwisho.

Dada wa Moshono
Usiweke fedha zako kwenye waya na mabomba ya nyumba ya mtu. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe, mweleze umeme unavuja na kuna mtoto mchanga. Maandishi hubaki.

Mama Ili, Sakina
Mrejesho: waya wa ethi ulikuwa umekatika nyuma ya bodi, na elementi imepasuka. Mwenye nyumba amekubali kulipia waya, breka na hita. Bomba la inchi moja anasema mwezi ujao.

Fundi Umeme Njiro
Kabla hujaoga, mwambie fundi abonyeze kitufe cha kujaribu kwenye breka ya kuvuja umeme, wewe ukiona. Isipokata papo hapo, usimlipe.