Tupeane uzoefu: kiatu chako cha kwanza cha mtoto cha kroshia kilitokaje?

ShangaziMpya
Wadau habari zenu. Wifi yangu kajifungua wiki tatu zilizopita, na mimi kwa kimbelembele changu nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba viatu vya arobaini nitafuma mwenyewe. Kroshia nimeishika kwa mara ya kwanza Jumamosi. Leo nimemaliza viwili. Kimoja kinamtosha mtoto. Kingine inaingia ngumi yangu na simu juu.

Uzi ule ule, sindano ile ile ya milimita 3, mkono ule ule. Nimefumua mara nane mpaka uzi umeota manyoya. Nimebakiwa na siku 19. Hebu nipeni moyo, cha kwanza chenu kilitokaje?

MamaWanneNjombe
Karibu chamani. Changu kilikuwa na pembe. Sitanii, pembe kabisa, huku na huku. Mume wangu akauliza, "Hiki ni kifuko cha chumvi?" Huku kwetu mwezi wa saba mtoto hatoki nje bila soksi mbili, basi nikamvalisha hivyo hivyo, pembe zikatangulia kuingia kanisani.

FundiBilaCheti
Mleta mada, hapo hakuna uchawi. Cha kwanza ulikuwa unaogopa, umebana uzi kidoleni kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Cha pili umeshazoea, unafuma huku unaangalia tamthilia, mkono umelegea. Ndiyo maana wenzio tunafuma nyayo zote mbili kwanza, siku moja, mkao mmoja, ndipo tunapanda juu. Usimalize kimoja ukaweka kando ukasema kesho.

Na uhesabu. Mimi naanza na mnyororo wa vitanzi 12. Naruka tundu la kwanza lililo karibu na sindano, nashona mishono mifupi mara 10, tundu la mwisho naweka mitatu, nageukia ng'ambo ya mnyororo nashona 9, nikifika nilikoanzia naweka miwili. Inakuwa 24. Mzunguko unaofuata naongeza mitatu kila ncha, 30. Unaofuata tena hivyo hivyo, 36. Weka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine pale mzunguko unapoanzia, maana ukishapoteza mwanzo umekwisha. Ukipata 35 usiseme "si mmoja tu". Fumua. Wayo wa mtoto mchanga ni sentimita 8 au 9, chukua rula upime.

ShangaziMpya
Nimeenda kuhesabu kile kikubwa. 47.

FundiBilaCheti
47 umeitoa wapi?

ShangaziMpya
Hiyo ya tamthilia imenigusa.

Cucu_wa_Limuru
Wueh! Yangu ilitoka kama gambuti, ilimfika mtoto gotini. Kumbe kosa halikuwa langu. Nilianza na video ya mama mmoja wa Marekani, katikati bando ikaisha, nikaendelea na kitabu cha zamani kilichochapishwa Uingereza. Sasa hao watu hawasikizani. Ule mshono mfupi, Mwingereza anauita dabo, Mmarekani anauita singo. Na dabo ya Mmarekani ni ule mrefu, wa kuzungusha uzi kwanza kwenye sindano ndio uingie. Mimi nikasoma dabo ya kitabu nikaifanya ile ya video. Kila mzunguko unapanda mara mbili. Angalia kwanza aliyeandika ni wa wapi, utaokoa uzi mwingi.

Pili_wa_Makochi
Mimi sikuwa mgeni wa kroshia, ndiyo maana aibu yangu ni kubwa kuliko zenu zote. Vitambaa vya makochi nimefuma tangu darasa la sita. Sebule ya mama yangu ina kitambaa juu ya redio, juu ya friji, juu ya kochi, na kitambaa juu ya kitambaa. Nikajiambia viatu vya mtoto ni kazi ya mchana mmoja.

Nikafuma, vikatoka vizuri kweli, vyeupe vya pamba, na utepe. Nikavifua. Halafu, kwa mazoea tu, nikavipiga wanga. Nikakoroga unga wa muhogo kama ninavyofanya kwa vitambaa, nikachovya, nikavijaza magazeti visimame, nikaanika juani. Jioni nakuta vimekauka kama vikombe. Unavigonga mezani vinalia. Nilivyo mkaidi nikavifunga kwenye karatasi ya zawadi nikapeleka. Mama mtoto akafungua, akaviangalia, akasema, "Dada Pili, hivi vya kuweka vijiti vya meno?" Mpaka leo viko kwenye kabati lao la vyombo. Vijiti vimo.

MamaWanneNjombe
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Joto_la_Jiji
Mimi nauliza tu jamani. Dar es Salaam hii, feni inazunguka usiku kucha, mtoto anavaa kiatu cha sufu cha nini? Jasho na harara. Mnawatesa watoto ili mpige picha.

Pili_wa_Makochi
Nani kasema sufu? Nunua uzi wa pamba.

FundiBilaCheti
Pamba kwa anayejifunza ni mtihani, haivutiki, kosa lote linaonekana. Aanze na akriliki, mlaini, na bei yake nafuu.

Pili_wa_Makochi
Akriliki ukiipitisha pasi ya mkaa inayeyuka. Nimeona kwa macho yangu, kiatu kimegandia pasi.

FundiBilaCheti
Sasa kiatu cha kufuma unakipiga pasi ili iweje?

Pili_wa_Makochi
Wewe si ndiyo huna cheti.

Dereva_Mkimya
Mimi ni baba. Nilijifunza mke wangu akiwa wodi ya kangaruu, mtoto kilo 1 na gramu 400. Nesi akasema mtoto akae kifuani kwa mama, kofia kichwani na soksi miguuni. Nikazunguka madukani, soksi ndogo kuliko zote inamfika pajani. Kulikuwa na bibi mmoja anamuuguza binti yake kitanda cha jirani, ana sindano aliyotengenezewa kwa spoku ya baiskeli, ncha imepindwa na kusuguliwa na tupa. Akanikalisha kwenye benchi la nje, saa za kuona wagonjwa, akasema, "Baba, leta kidole." Akanizungushia uzi mwenyewe.

Siku ya tatu nikatoa kimoja. Hakikuwa na umbo la mguu, kilikuwa kama kikofia cha kidole gumba, ila kilikaa. Sasa ana miaka 6, anachana raba kila baada ya miezi mitatu.

Kidume_Halisi
Mwanaume mzima na kroshia. Dunia imekwisha.

Pwani_Kwetu
Babu yangu Unguja kashona kofia za viua barazani mpaka macho yalipomkataa, wala hakuna aliyemuuliza uanaume wake. Ile ni sindano ya kushonea, si kroshia, lakini kazi ni ile ile ya kuhesabu matundu. Wewe kofia unayovaa Idi unadhani imeota mtini?

Kidume_Halisi
Kofia ni kofia.

Dereva_Mkimya
Ndugu yangu, kifungo cha shati kikikatika unafanyaje?

Kidume_Halisi
Napeleka kwa fundi.

Pwani_Kwetu
Fundi ni mwanamke?

Bi_Kidawa
Mleta mada, umefanya la maana kusubiri mtoto azaliwe kwanza. Hawa wasichana wa leo mimba ya miezi minne wameshafuma seti nzima na sweta juu. Ni uchuro.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Bi Kidawa shikamoo. Sisi tunawaambia kina mama waje na vitu vya mtoto vimekamilika kwenye begi. Ukisubiri, mtoto anazaliwa saa tisa usiku anafungwa khanga ya kuazima.

Bi_Kidawa
Marahaba mwanangu. Mimi nimezaa saba, wote kwa khanga ya kuazima, na wote wako hai.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Sina la kujibu hapo bibi.

Binti_Usambara
Nilikuwa napita tu nikichekea pembe na gambuti, lakini kuna kitu hakuna aliyekigusa, na mimi siwezi kupita bila kukisema.

Ilikuwa 2019, nyumbani Lushoto, mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mwanangu wa kwanza ana miezi miwili. Nilikuwa nimemfumia viatu vya rangi ya njano, vya pili katika maisha yangu, na nje vilipendeza sana. Ndani ndiko kulikuwa na balaa. Nilibadilisha rangi mara tatu na kila nilipobadilisha nilikata uzi nikaacha mkia, nikauingiza ndani usionekane. Kuzificha zile ncha kwa sindano ya macho makubwa sikujua, na kuuliza niliona aibu, maana nilishajisifu.

Saa mbili usiku akaanza kulia. Si kilio cha njaa, nikimpa ziwa analitema. Mama mkwe akasema mchango. Tukampa gripu wota. Saa tano bado analia. Shangazi yake akasema kuna mtu kamtupia jicho mchana sokoni. Akafukizwa. Mimi nambeba, namtembeza, kila nikimshika mguu anapiga ukelele, nami namfunika zaidi nikidhani baridi inamuuma. Viatu sikuvivua. Nani anavua viatu usiku wa Lushoto?

Saa kumi na moja alfajiri nambadilisha nepi, kiatu kimoja kikagoma kutoka. Nikivuta, analia mpaka sauti inakatika. Nikakata uzi wa juu kwa wembe, nikakifungua kama ganda la chungwa. Kidole cha tatu kilikuwa kimevimba kama zabibu, ncha imeiva rangi ya zambarau. Ule mkia wa uzi ulikuwa umejizungusha kwenye mzizi wa kidole, sijui mara mbili sijui tatu, umezama kwenye nyama huuoni.

Nilikimbia zahanati na khanga moja na ndala za mama mkwe. Nesi akaleta taa, kibano na mkasi mdogo wenye ncha butu. Mimi nimemshika mguu, sikuangalia. Nikasikia tu "ti", mkasi umeshika uzi. Kidole kilirudi rangi yake taratibu, kwanza cheupe, halafu chekundu. Alama bado anayo, mstari kama pete. Huwa ananiuliza ni ya nini.

ShangaziMpya
Mungu wangu. Nimesimama hapa hapa.

MamaWanneNjombe
Pole mama. Pole sana.

Kidume_Halisi
Sasa mama gani mtoto analia kwa saa tisa nzima hamvui nguo kumkagua?

Binti_Usambara
Mama wa miaka 20, mtoto wa kwanza, amezungukwa na wakubwa watatu kila mmoja ana jibu lake. Ndiye huyo.

Dereva_Mkimya
Kidume, nenda kashone kifungo.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Haya matukio tunayaona, na si uzi tu, hata unywele mrefu wa mama ulioanguka ndani ya soksi. Mtoto akilia bila sababu mvue vyote, angalia vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja, na wa kiume angalia na uume. Ukikuta kimebanwa na huoni uzi, usichokoe na pini nyumbani, kimbia kituoni.

Mleta mada, geuza kiatu nje ndani. Kila ncha ipitishwe na sindano katikati ya mishono, uende nayo mbele, urudi nayo nyuma, ndipo ukate. Kitambaa chembamba cha pamba ukikishonea kwa ndani ni bora zaidi. Usiku avue. Na vifungo vya shanga acha, atavifikisha mdomoni.

Joto_la_Jiji
Si nilisema mimi, viatu vya nini.

Pili_wa_Makochi
Wewe ulisema harara.

Cucu_wa_Limuru
Mimi ncha nilikuwa nachoma na kiberiti ziyeyuke. Ni vibaya?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Ikishayeyuka inakuwa kijiwe kigumu kinachomkwaruza mtoto. Acha kiberiti.

FundiBilaCheti
Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na kila mtu. Fuma rangi moja tu, mleta mada. Uzi mmoja bila kukata, unabaki na ncha ya kuanzia na ya kumalizia, basi.

Bi_Kidawa
Na utepe wa kufungia usiwe mrefu. Shingo ya kiatu ikae yenyewe.

Pwani_Kwetu
Utepe mfupi kinavuka kila saa, bibi.

Bi_Kidawa
Kivuke. Kitaokotwa.

Muuza_Nyuzi_Kariakoo
Nyuzi laini za watoto zipo, rangi zote, jumla na rejareja, njoo inboksi.

Pili_wa_Makochi
Watu wanazungumzia kidole cha mtoto, wewe inboksi.

ShangaziMpya
Nimegeuza vile vyangu viwili. Nimehesabu ncha 11 zinazoning'inia, saba kwenye kile kidogo, kile kile nilichokuwa najivunia. Nimevifumua vyote, sijavionea huruma. Nimeanza upya rangi moja, ya maziwa, nyayo mbili kwa pamoja kama alivyosema Fundi, tamthilia nimezima. Binti Usambara, asante, najua haikuwa rahisi kuandika.

Binti_Usambara
Usijali dada. Mimi bado nafuma, ujue. Namba mbili wangu kavaa vya kwangu tangu siku ya kwanza. Ila usiku namlaza miguu wazi ndani ya blanketi, na mama mkwe ananung'unika mpaka kesho.

ShangaziMpya
Nyayo zimekamilika! Ya kwanza 36. Ya pili 37.

FundiBilaCheti
Fumua.