Kijiti cha mkono, mliotia niambieni ukweli naenda Alhamisi

BintiMtongwe: Mashoga asalaam aleikum, nina mtoto wa miezi saba yuanyonya bado, sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu imenishinda, kila nikikumbuka tarehe nshapitisha, sasa nesi kaniambia nitie kijiti. Mavyaa kasikia, ati hicho chatembea mpaka moyoni. Chauma? Na hizo damu, Ramadhani si nitakaa sijui nifunge nisifunge?

MamaWatatu: Kuuma ni ile sindano ya ganzi tu, baadaye wasikia kama mtu akusukuma ngozi, dakika chache ushamaliza, hakuna kushonwa, wafungwa bandeji basi. Mie nikajifanya shujaa jioni yake nikapandisha mtungi wa maji ghorofa ya tatu, weee mkono ulikuwa rangi ya biringani wiki nzima. Mtungi mwachie baba watoto.

Kisauni_Queen: Damu ni kweli usidanganywe. Nimetia Jadelle vile viwili vya miaka mitano, miezi minne ya kwanza leo matone kesho hakuna keshokutwa yamerudi, sahii mwaka wa pili hata siku zangu sizioni. Dadangu alitia Implanon kile kimoja cha miaka mitatu, hakikumtulia kabisa akaenda akatolewa na miezi miwili baadaye mimba hiyo, so wanaosema chaharibu kizazi waulizeni huyo mtoto 😂

nesi_wa_zamu: Kikitiwa vizuri chakaa pale pale chini ya ngozi, ukipapasa wakisikia, siku usipokisikia tumia kondomu urudi kliniki. Kunyonyesha hakuna shida. Kama sindano ishapita tarehe sema upimwe mimba kwanza, na ukitiwa nje ya siku tano za mwanzo za hedhi tumia kondomu siku saba. Ukiwa kwa dawa za TB, kifafa au ARV sema pia, zingine zapunguza nguvu yake. Usaha, homa, damu ya kulowesha pedi juu ya pedi, usingoje. Na ukimwi hakizuii.

UmmuSwabra: Ya Ramadhani, kwa sisi Mashafii damu ikipita siku 15 ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, wafunga na kuswali, udhu kila swala ya faradhi. Ila zikichanganyikana na siku zako muulize ustadha akuhesabie, usijihesabie kwa simu.

BintiMtongwe: Nimemsomea mavyaa ya nesi, kanyamaza weee, halafu kaniuliza wifi yangu naye aje Alhamisi?