Kaunsili (halmashauri ya hapa) wameniandika "ameamuliwa ndani ya muda" wakati nimesota miezi sita na nusu. Takwimu za vibali na rufaa Uingereza ni changa la macho

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye mikopo ya nyumba, hili ni jambo lingine na nina hasira nalo toka asubuhi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nimetoka shifti ya usiku, badala ya kulala nikafungua laptopu nikaanza kusoma majedwali ya serikali ya maombi ya vibali vya ujenzi na rufaa zake hapa England. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, nione aibu ya kaunsili yangu imeandikwa wapi. Haipo! Na wala hawajaificha kesi yangu, imo, ila imekaa upande wa waliohudumiwa vizuri. Yaani mimi niliyesota kuanzia Februari mpaka Agosti ndiye ninayewapandishia asilimia.

Ngoja nianze mwanzo. Nyumba yetu ni zile za kushikana ukuta na jirani upande mmoja, vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo ukiingiza kitanda mlango haufungi. Watoto wanne. Binti mkubwa alikuwa anajiandaa na GCSE, mitihani ya huku ya kumaliza sekondari, anasomea meza ya jikoni huku wadogo zake wanagombania rimoti. Tukasema na waifu tuongeze ubavuni, chini sebule juu chumba, nafasi ipo, na jirani wa nyumba ya tatu kafanya hivyo hivyo na ya kwake iko pale inapigwa na mvua mpaka leo hakuna aliyekufa. Tarehe 6 Februari 2024 tukaingiza ombi, ada pauni 258, hela ya mchoraji mbali.

Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu inaingia imeili eti ombi halijakamilika, mstari mwekundu wa mpaka wa kiwanja kwenye ramani haujafika barabarani. Mchoraji akaurekebisha hata chai yake haijapoa. Tarehe 29 Februari ndio wakasema sasa limepokelewa rasmi, na wakuu saa yao inaanza kuhesabu hapo, sio tarehe 6. Zile siku 23 hazipo kwenye jedwali lolote, ni kama ule mwezi sikuuishi.

Haya, sheria inawapa wiki 8 kwa ombi dogo kama langu, miradi mikubwa wiki 13. Wiki ya saba ofisa ambaye hajawahi kupokea simu yangu hata mara moja ananiandikia kwa upole wa ajabu, anaomba nikubali nyongeza ya muda mpaka tarehe 14 Juni ili walipitie vizuri. Nikampigia mchoraji, akaniambia kaka saini tu, usiposaini wanakukataa kesho asubuhi ili wasipitilize tarehe yao. Nikasaini. Mwanzoni mwa Juni ikaja ya pili, mpaka 23 Agosti, nikasaini tena kama zuzu. Tarehe 22 Agosti, siku MOJA kabla, barua ikaingia, limekataliwa, eti nyongeza itaonekana kubwa kupita kiasi na haiendani na mwonekano wa mtaa. Mtaa huo huo wenye ile nyumba ya tatu!

Sasa hapa naomba mtulie maana uhuni wote uko hapa. Serikali kuu inazipima kaunsili hivi: angalau asilimia 70 ya maombi yasiyo makubwa yawe yameamuliwa ndani ya wiki 8 AU ndani ya muda waliokubaliana na mwombaji. Hiyo AU ndiyo iliyonimaliza. Nimekaa wiki 28 toka siku nilipotoa hela mfukoni, lakini kwa kuwa walinisainisha mara mbili, tarehe 22 Agosti walikuwa "ndani ya muda" na wakajiwekea tiki. Kaunsili inaweza kuchelewesha mji mzima na ikatoka na asilimia 90, mradi kila mtu amesaini.

Na sijamaliza. Kuna kitu kinaitwa dhamana ya mipango, wengi hawaambiwi. Toka Desemba 2023, ombi dogo likipita wiki 16 bila uamuzi kaunsili inatakiwa ikurudishie ada yako, ila ukishasaini nyongeza ya muda hiyo haki imekufa. Kwa hiyo ile imeili ya upole ilikuwa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inawasafishia takwimu na inaninyang'anya pauni 258 zangu, na mimi nikajibu "asante sana kwa mawasiliano". ASANTE SANA. Nikikumbuka najisikia vibaya.

Na mwezi huo huo wa Desemba 2023 wakaondoa pia ile nafasi ya kurudia bure. Zamani ukikataliwa ulikuwa unarekebisha michoro unarudisha ndani ya mwaka bila kulipa tena, siku hizi ukirudi unalipa ada nzima. Na Aprili 2025 ada yenyewe kwa kuongeza nyumba ikapandishwa mpaka pauni 528. Hesabu mwenyewe.

Basi nikaamua rufaa, maana rufaa haina ada. Ukikataliwa ombi la nyumba ya kuishi unapewa wiki 12, ukizembea imekula kwako. Rufaa zinakwenda Planning Inspectorate, chombo cha serikali kinachoamua rufaa za vibali vya ujenzi, makao yao Bristol, na hizi habari zote ni za England tu, Wales walijitoa kwenye chombo hicho Oktoba 2021 na Scotland wana utaratibu wao. Kwa nyumba ndogo kama yetu hakuna kikao wala wakili, mkaguzi anasoma makaratasi, anakuja kuangalia mtaa, anaandika. Alikuja mtu mmoja na koti la mvua na ubao wa kuandikia, akatembea mpaka nyumba ya tatu akasimama akaitazama, akarudi, akaondoka, hata chai hakutaka. Februari 2025 nikashinda. Aliandika karibu yale yale niliyokuwa nawaambia kaunsili mwaka mzima, kwamba mtaa tayari una nyumba za namna hiyo na hii haiharibu kitu.

Nikafurahi, nikapiga simu mpaka Tanga. Nikasema sasa wataumbuka kwenye takwimu, maana kuna kipimo cha pili, cha ubora, uamuzi wa kaunsili ukipinduliwa kwenye rufaa unahesabiwa dhidi yao na wakizidi asilimia 10 serikali inaweza kuwaweka kwenye orodha ya waliofeli. Asubuhi ya leo ndio nimeelewa wanagawanya kwa nini. Wanagawanya kwa maamuzi YOTE waliyotoa, sio kwa rufaa zilizokatwa!

Chukua kaunsili ya mfano, hii ni ya kwangu ya kichwani. Imeamua maombi 2,000 ndani ya miaka miwili. Watu 60 wamekata rufaa, kaunsili imepigwa kwenye 25. Mtu yeyote mwenye akili atasema hao jamaa wanakosea karibu asilimia 42 ya kesi zinazokaguliwa na mtu mwingine, hiyo ni balaa. Jedwali linasema asilimia 1.25, safi kabisa, wapeni maua yao. Ili ifike asilimia 10 ingebidi washindwe rufaa 200 wakati zilizokatwa ni 60. Haiwezekani hata wakiamua kwa kurusha shilingi! Maombi mengi hukubaliwa, na wengi wanaokataliwa hawakati rufaa maana wamechoka au fundi keshaenda site nyingine, kwa hiyo kwa maombi madogo kama yetu hicho kipimo ni kama kimewekwa juu ya dari, halafu wanatupongezea kwamba vichwa havijagusa.

Kaka yangu wa Leicester ananiambia punguza munkari, huku angalau takwimu zipo na mtu yeyote anazisoma. Kweli. Nyumbani ukiambiwa faili halionekani unajua faili limekaliwa na nani na unajua anataka nini. Huku hakuna aliyeniomba hata senti, wote wana adabu, na nimepoteza mwaka mzima na fundi keshapandisha bei mara mbili, halafu napewa jedwali linaloonyesha kwamba halijanitokea. Sijui kipi kinauma zaidi aisee.

Tuje kwenye takwimu za rufaa zenyewe, za Planning Inspectorate, maana nazo nimezisoma. Nisiwe mnafiki, hawa wana afadhali, wanatoa wastani na mediani, ile namba ya katikati ukiwapanga wote kwenye mstari, na mpaka mtawanyiko wanaweka. Tatizo ni kile kinachobebwa na magazeti na mawaziri. Watu watano wamesubiri wiki 10, 12, 14, 40 na 70. Mediani 14, wastani 29 na kidogo. Mwanasiasa atakwambia 14. Yule wa wiki 70 hayumo kwenye sentensi yoyote, na ndiye mwenye nyumba isiyo na paa.

Halafu saa ya kule nayo inaanza rufaa ikishakubalika kuwa halali, sio siku ulipobonyeza kutuma, stori ile ile ya mstari mwekundu. Na muda unaopimwa ni wa kesi zilizokwisha. Waliobaki kwenye foleni wanahesabiwa vichwa tu, muda wao haumo. Fikirieni hii, wakichukua kesi mpya nyepesi wakazimaliza haraka na za zamani zikaozea kabatini, namba inapendeza. Wakijitolea kusafisha zile za zamani namba inaharibika na gazeti linaandika wamezembea. Kwa hiyo anayefanya kazi ngumu ndiye anayeonekana mvivu. Simsemi mkaguzi wangu, yule alikuwa mtu wa haki, nausema mfumo wa kuhesabu.

Wakubwa wao wanasikilizwa. Rufaa za kampuni za ujenzi, zile zinazosikilizwa kwa uchunguzi wa hadhara na mawakili na mashahidi, zilikuwa zinachukua wastani wa wiki 47, serikali ikashtuka, ikamteua mchumi Bridget Rosewell, Februari 2019 akatoa ripoti ya mapendekezo 22 ya kuzishusha mpaka wiki 26 hivi. Sawa, vizuri, nyumba zijengwe. Ila hizo ni kesi chache sana ukilinganisha na sisi tunaohangaika kwa makaratasi kwa ajili ya chumba kimoja cha mtoto. Sisi nani katushtukia?

Mkitaka kujua ushindani ukoje, rufaa za vibali vya ujenzi kwa ujumla zinazokubaliwa zimekuwa zikizunguka theluthi moja. Kaunsili wanasema ona, theluthi mbili tulikuwa sahihi. Mimi nasema ona, katika kila watu watatu mliowakatalia na wakawa na nguvu ya kubishana, mmoja mlimwonea. Kwenye hiyo theluthi zimo familia, mimi nimo.

NYONGEZA 1: Kuna mkuu hapo chini kasema "ulisaini mwenyewe unalia nini". Mkuu na wewe siku ukiambiwa chagua kati ya kukataliwa kesho au kusubiri na matumaini, utachagua nini? Mimi sikatai kwamba nilisaini. Ninachosema ni kwamba saini ya mtu aliyebanwa imeandikwa kwenye takwimu kama makubaliano ya watu wawili walioketi wakanywa kahawa.

NYONGEZA 2: Dada aliyeuliza asaini au asisaini, yeye yupo wiki ya saba kama nilivyokuwa. Dada mimi sio mwanasheria, ila waandikie uwaulize hiyo nyongeza ni ya kufanya nini hasa, na kama kuna marekebisho ya michoro wanayotaka wayataje kwa maandishi kabla hujaweka jina lako. Kama wapo tayari kukuonyesha cha kurekebisha, nyongeza ina maana. Kama jibu ni "tuna kazi nyingi", basi ujue unasaini kwa ajili ya jedwali lao, na ujue pia unaziaga hela zako za wiki ya 16. Usitegemee mchoraji akwambie, wao wanakutana na hao maofisa kila wiki, hawataki ugomvi.

NYONGEZA 3: Watu wengi mno mnaniuliza kaunsili gani. Siitaji, bado nahitaji wakaguzi wao wa ujenzi waje kuangalia msingi mwezi ujao, na mimi sio mjinga kiasi hicho. Ila kila mtu anaweza kuangalia ya kwake. Tafuteni majedwali ya wizara ya nyumba, lile la kasi ya maombi madogo ni P153, la ubora P154. Msiishie kwenye ile asilimia ya mwisho inayong'aa. Angalieni safu za katikati, wapi wameandika walioamuliwa ndani ya wiki 8 kweli kweli na wapi wameandika wenye makubaliano ya muda, mlinganishe. Wekeni hapa mlichokuta, taja mkoa tu kama unaogopa. Mimi ngoja nilale, saa moja jioni naingia tena kazini.