Wakuu naombeni ushauri: nabadilisha mfumo wa udhibiti wa kituo cha umeme cha zamani

FundiMafinga: Habari zenu wakuu. Mimi fundi umeme, nipo kiwandani huku Mafinga. Tuna kituo chetu cha kupoza umeme, kV 33 kwenda 11. Paneli ni za kizamani, rilei (vifaa vya kuhisi hitilafu na kuamuru breka, yaani swichi kubwa, ikate) ni za sahani inayozunguka, vipuri havipatikani. Nimekabidhiwa nisimamie tuhamie mfumo wa kompyuta. Kwa kanuni za mawasiliano ya vifaa, nichukue IEC 61850 au IEC 104? Usingizi sipati.

MzeeWaFida: Hizo hazishindani. 61850 ni ya vifaa kuzungumza ndani ya kituo. 104 inapeleka taarifa kwenye chumba cha udhibiti kilicho mbali. Ninyi mna chumba cha mbali?

BintiKihesa: Betri zikoje? Kuna sehemu nilikuta rilei mpya zinang'aa, betri za volti 110 zile zile za zamani, zimekauka maji. Fida (laini inayotoka kituoni) ikapiga shoti, rilei ikaona, ikatoa amri, koili ya breka haina nguvu ya kufungua. Ikakata breka ya juu, kiwanda kizima giza. Zipime zikiwa na mzigo, usiridhike na volti za kwenye mita.

Babu_Zamu: Vijana mnakimbilia skrini. Sisi tulijua transfoma inaumwa kwa kuisikiliza tu. Heshimuni kazi, wanangu.

Komasava: Kwa baridi ya Mafinga hata breka inataka sweta 😂

MzeeWaFida: Mleta uzi, hujanijibu.

FundiMafinga: Samahani mkuu. Bosi yuko Dar, anataka afungue na kufunga breka akiwa huko huko. Modemu ya laini ya simu imeshanunuliwa. Paneli ya swichi za mkono tunaing'oa ili makabati mapya yapate nafasi. Msinishambulie, chumba ni kidogo, na mkandarasi amesema kuna nywila.

MzeeWaFida: Kumbe swali lako ni hilo! Desemba 2015 kule Ukraine wadukuzi waliingia kwenye mashirika 3 ya usambazaji kwa njia ya mbali, wakafungua breka, wateja kama 225,000 wakakosa umeme. Wakaharibu na vifaa vya mawasiliano ili breka zisirudishwe kutoka mbali. Kilichowaokoa ni mafundi kwenda vituoni kufunga kwa mkono. Wewe ndiyo unang'oa huo mkono?

FundiMafinga: Ukraine kulikuwa na vita, mkuu. Nani atatudukua sisi wa mbao?

Kiroboto_Mby: Hii chai. Bosi afunge breka toka Dar wakati fundi yuko kwenye laini? Huyu mwanachuo anatafutiwa majibu ya mradi. Kama kweli upo kazini, taja ampea za CT zako (transfoma ndogo za kupimia mkondo) upande wa pili, unaoingia kwenye rilei.

Komasava: Nimekaa pale 🪑

FundiMafinga: Sina sababu ya kudanganya. CT zetu ni za 5. Nimetoka kuangalia karatasi ya rilei zilizokuja, zimeandikwa 1.

Kiroboto_Mby: Duh. Basi upo kazini. Samahani mkuu.

MzeeWaFida: Simamisha kazi kwanza. Rilei ya ampea 1 kwenye CT ya 5 itaona mkondo mara 5 ya inavyotarajia. Itakata kwa mzigo wa kawaida, na ikikaa hivyo inaweza kuungua. Soma kitabu chake, nyingi za siku hizi zina sehemu ya kufunga 1 na ya 5. Kama haina, irudi kwa muuzaji. Na usifungue waya wa CT wakati mzigo unapita, volti zinazotokea hapo zinaua.

FundiMafinga: Nashukuru sana. Namwandikia mkandarasi sasa hivi. Modemu ibaki ya kuangalia tu, hapo nitapambana na bosi. Ila ya paneli msinilaumu, nafasi kweli hakuna.

BintiKihesa: Nafasi ipo, kaka. Swichi za mkono zikae kwenye mlango wa kabati jipya la kila fida, pamoja na ile ya kuchagua hapa au mbali. Fundi akiiweka "hapa", amri ya Dar haipiti, na ufunguo anautia mfukoni. Mkandarasi azichore leo, kabla milango haijatobolewa.