Kiduha kwenye mahindi: kung'oa, kubadili mazao au desmodiamu?

Jembe_Jipya: Wadau, mahindi yangu yananyauka saa nne asubuhi ilhali udongo una unyevu. Chini yake vimechomoza vimea vya maua ya zambarau, shina la pembe nne, ukilishika linakwaruza. Jirani anasema ning'oe tu, yatosha. Mnashauri nini?

Mama_Mbegu: Hicho ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Chimbua mche mmoja wa mahindi taratibu, utakikuta kimeng'ang'ania mizizi. Ukikiona juu, ujue kimeshanyonya wiki kadhaa chini kwa chini. Kung'oa hakuokoi mahindi ya msimu huu, lakini king'oe hivyo hivyo kabla hakijakomaza mbegu. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, na hukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Bwana_Udongo: Naunga mkono. Mimi nategemea kubadili mazao. Mizizi ya soya na pamba huziamsha mbegu za kiduha, zikiota hazipati pa kushika, zinakufa. Msimu mmoja hautoshi. Na kuhamia mtama au ulezi si kubadili, vyote hivyo kiduha kinavila. Ongeza samadi, maana kinashamiri kwenye shamba lililochoka.

Tina_K: Kuna pia mbegu za mahindi zilizopakwa imazapiri, dawa ya kuua magugu. Dawa inakiua mapema, kikijaribu tu kushika mizizi. Ila lazima iwe aina iliyozalishwa kuistahimili dawa hiyo, na ukimaliza kupanda nawa mikono kabla hujagusa mbegu za maharage, la sivyo utaziharibu.

Mama_Mbegu: Kwangu desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, iko juu ya zote. Unaipanda kati ya mistari ya mahindi, nayo inaziamsha mbegu za kiduha na kuzizuia zisishike mizizi. Inarutubisha udongo, na ng'ombe wanaila. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, na wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, waliiunganisha na majani ya kupanda pembezoni yanayovuta funza wa mabua. Tabu yake ni msimu wa kwanza: inakua polepole mno, palizi isiyo makini inaiondoa pamoja na magugu.

Jembe_Jipya: Nimeelewa, nitaanza nayo kipande kimoja, kwingine soya. Hivi vilivyokwisha toa maua nivitupe kwenye mboji?

Bwana_Udongo: Hapana mkuu! Wala usimpe ng'ombe, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, zikarudi shambani na samadi. Vikaushie juu ya turubai, uvichome hapo kando. Kisha kung'uta jembe na viatu kabla hujaingia shamba jingine.