Sketi ya Emma Livry: alaumiwe mchezaji au ukumbi?

Mleta mada

Wadau, kila zinapoonyeshwa picha za baleti ya zamani ya Paris, watu huzisifu zile sketi nyeupe, na anayetaja moto uliozishika hujibiwa kwamba wachezaji walijitakia, maana walikataa nguo zilizotiwa dawa ya kuzuia moto. Mfano wao ni huyohuyo siku zote, Emma Livry, mchezaji wa Opera ya Paris aliyeungua. Mimi napinga.

Livry alizaliwa mwaka 1842. Alipanda jukwaa la Opera ya Paris akiwa na miaka 16, katika La Sylphide, mchezo uliompa Marie Taglioni umaarufu mwaka 1832. Taglioni ndiye aliyeizoesha Ulaya sketi ile: shashi nyeupe tabaka juu ya tabaka, imevimba toka kiunoni, inaishia kati ya goti na kifundo. Chini ya taa za gesi mchezaji alionekana hana uzito kabisa. Nikitazama michoro ya enzi hizo nawaelewa watu waliolipa kumtazama. Uzuri ule ulikuwa wa kweli, sina ugomvi nao.

Taglioni alimpenda binti huyu, akamfundisha, na mwaka 1860 akamtungia mchezo mzima, Le Papillon, kwa muziki wa Jacques Offenbach. Ndani yake kipepeo anavutwa na mwenge hadi mbawa zinaungua.

Tarehe 15 Novemba 1862 walikuwa kwenye mazoezi ya opera ya La Muette de Portici. Livry alikuwa akingoja zamu yake. Akazitikisa sketi zisikunjamane, zikashika mwali wa gesi. Alikimbia jukwaani huku anawaka, mpaka mzimamoto akamfunika kwa blanketi. Aliishi na majeraha yale miezi minane, akafariki tarehe 26 Julai 1863. Alikuwa na miaka 20.

Sasa hoja ya wanaomlaumu. Novemba 1859 serikali ya Napoleon III ilitoa amri kwamba mavazi na mapambo ya jukwaani yachovywe katika dawa ya Carteron, yenye shabu ndani yake. Mwaka 1860 Livry aliandika barua kwa mkurugenzi wa Opera: atacheza na sketi yake ya kawaida, na lolote likitokea dhamana ni yake. Barua hiyo siikatai. Ninachouliza ni hiki: ukumbi wenye amri ya serikali mkononi unaipokeaje barua ya binti ambaye hajatimiza miaka 19 na kuifanya ndiyo kinga yake?

Tena hatari ilikuwa inajulikana. Desemba 1844 Clara Webster aliungua jukwaani Drury Lane, London, akafa siku chache baadaye. Septemba 1861, kwenye ukumbi wa Continental mjini Philadelphia, nguo ya mchezaji mmoja ilishika moto chumba cha kuvalia, wenzake wakaja kumwokoa, zao nazo zikashika. Walikufa wasiopungua 6, wakiwemo mabinti wa familia moja ya akina Gale. Mwaka mmoja tu kabla ya Livry!

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa heshima, unamfanya Livry mtoto mdogo. Yule alikuwa bingwa wa kazi yake na aliijua kuliko mkurugenzi. Dawa ya Carteron ilikikakamaza kitambaa na kukififisha weupe. Inasimuliwa kwamba hata akiwa mgonjwa alisema sketi zilizotiwa dawa zina sura mbaya mno, na kama angerudi jukwaani asingezivaa. Huyo ni mtu mwenye msimamo. Kabla yake, karne ya 18, Marie Camargo alizifupisha sketi zake ili watu waione kazi ya miguu, akasemwa sana. Vazi la baleti limejengwa na wanawake waliokataa kupangiwa. Ukimwondolea Livry lawama yote, umemwondolea na uamuzi wake.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi cherehani, niseme upande wa kitambaa. Pamba nyepesi, tabaka nyingi, hewa katikati: moto hauhitaji kitu kingine. Na kitambaa kilicholowekwa shabu hakianguki vizuri mwilini, kwa hiyo malalamiko ya wachezaji yalikuwa ya haki. Lakini Carteron hakuwa peke yake. Miaka ileile, London, wanakemia Versmann na Oppenheim walijaribu chumvi za aina nyingi kwenye melimeli, wakapendekeza tungsteti ya sodiamu kwa sababu nguo iliyotiwa hiyo inapigika pasi bila kuharibika. Mchezaji akikuambia dawa hii inaniharibia kazi, unatafuta nyingine. Hapo nasimama na mleta mada.

Mchangiaji wa tatu

Mnamzungumzia nyota tu. Wale wasichana wa safu za nyuma je? Wengi walitoka nyumba za kimaskini. Msanii Degas alipoonyesha sanamu yake ya mchezaji wa miaka 14 mwaka 1881, aliyemtumia kama kielelezo alikuwa Marie van Goethem, mtoto wa mfuaji nguo. Mwaka uliofuata Opera ilimfukuza kazi. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ukumbi maalumu ambamo matajiri wenye tiketi za msimu waliingia kuzungumza na wasichana hawa. Huo nao ulikuwa sehemu ya fahari mnayoisifu. Nani pale angeandika barua kwa mkurugenzi akasikilizwa?

Mleta mada

Ahsanteni. Fundi, hiyo ya Versmann na Oppenheim inaongeza uzito: tatizo halikuwa kwamba njia haikuwepo.

Mchangiaji wa kwanza, nakubali uamuzi ulikuwa wa Livry, na kupenda weupe wa sketi yake hakukuwa upuuzi. Wepesi ule ndio uliompa jina, na ndio Opera iliuuza kwa watazamaji. Ila hukugusa habari ya Philadelphia. Moto wa sketi moja ulihamia kwa wengine. Kwa hiyo barua ya Livry ingeweza kubeba dhamana ya mwili wake tu. Haikuweza kubeba ya binti wa safu ya nyuma anayepita naye bega kwa bega, ambaye hajaandika chochote, kama alivyotukumbusha mchangiaji wa tatu. Dhamana hiyo ilikuwa ya ukumbi, na ukumbi uliiacha.

Masalio ya vazi la Livry yamehifadhiwa hadi leo katika maktaba na makumbusho ya Opera, Paris. Maoni yangu ni kwamba popote yanapoonyeshwa, amri ya 1859 na barua ya 1860 ziwekwe pembeni yake, zisomeke zote mbili.

Nikuulize sasa: kama wewe ndiye ungekuwa mkurugenzi mwaka 1860, ungemruhusu Livry peke yake, au ungewaruhusu wote?