Kompyuta ya Linux haiwaki baada ya umeme kupotea

Swali, Kisumu:
Habari zenu. Jana umeme ulipotea hapa Kondele wakati kompyuta yangu, ambayo betri yake ilishakufa, ilikuwa ikiandika kumbukumbu kwenye diski ili ilale, na sasa inaishia kwenye skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa. Nifanyeje?

Jibu, Nakuru:
Pole, ndugu. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha Linux, bonyeza herufi e, ongeza noresume mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, kisha ubonyeze F10. Mfumo utawaka upya bila kuisoma kumbukumbu iliyokatika, ingawa kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda.

Jibu, Kakamega:
Menyu isipotokea, gonga Esc mara tu unapowasha. Swapu yako, yaani sehemu ya diski ambako kumbukumbu huandikwa kompyuta inapolala, ni kubwa kiasi gani?

Muulizaji:
Imewaka! Swapu ni GB 2, RAM (kumbukumbu yenyewe) ni 8.

Jibu, Kakamega:
Basi swapu iongeze ifikie 8 ili kumbukumbu yote itoshee, na betri ununue.